Unasoma Isimu Marekani? Chunga Msimbo wa Kozi

Nyumbani, ukishapangiwa chuo na KUCCPS, ofisi inayowapangia wanafunzi wa Kenya vyuo, au ukidahiliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara inakukabidhi orodha ya kozi na unaifuata mpaka mahafali. Marekani mambo siyo hayo. Chuo kinakupa masharti ya shahada, halafu unakwenda mwenyewe kutafuta kozi za kuyatimiza. Kwa anayesoma isimu, yaani taaluma ya lugha, kozi hizo zimetawanyika chuo kizima: fonetiki (sauti za lugha) unaikuta pia kwenye sayansi ya usemi na usikivu, semantiki (maana) kwenye falsafa, namna watoto wanavyojifunza lugha iko saikolojia, isimujamii (lugha katika jamii) iko anthropolojia, na Kiswahili chenyewe mara nyingi kiko idara ya masomo ya Afrika.

Mtawanyiko huu una historia. Mwanaanthropolojia Franz Boas aliyafanya masomo ya lugha za Wahindi Wekundu kuwa sehemu ya anthropolojia pale Chuo Kikuu cha Columbia, na mwanafunzi wake Edward Sapir akaendeleza njia hiyo. Mwanaisimu Noam Chomsky alianza kufundisha chuo cha MIT mwaka 1955, na mpaka leo isimu na falsafa pale ni idara moja. Vyuo vingine havina idara ya isimu kabisa. Vina programu inayoazima walimu huku na huko, na hapo ndipo pa kuwa macho zaidi.

Kujisajili ni kazi ya dakika chache kwenye tovuti ya chuo. Shida inaanzia kwenye kozi yenye misimbo miwili, yaani herufi na namba zinazoitambulisha kozi. Darasa ni lile lile, mwalimu yule yule, mtihani mmoja, ila kozi imeorodheshwa na idara mbili, kila moja kwa msimbo wake. Mimi niliambiwa na mshauri wa masomo, kwa mdomo, ofisini kwake, nijisajili upande wowote kwa sababu kozi itahesabiwa tu. Nikajisajili upande wa anthropolojia. Nilipokaribia kumaliza, ripoti ya ukaguzi wa shahada, ile inayoonyesha masharti uliyotimiza na yaliyobaki, ikaonyesha sharti la isimujamii bado lina alama nyekundu, na kozi yangu imetupwa chini kabisa, kwenye krediti za ziada. Idara ya isimu ikasema inatambua msimbo wake tu. Mshauri yule alikuwa ameshahamia chuo kingine. Nikalipa ada ya muhula mzima, ada ya mwanafunzi wa kigeni, kwa ajili ya sharti ambalo somo lake nilikuwa nimelisoma na kulifaulu.

Kwa hiyo nasema na narudia: neno la mdomo halihesabiki. Kabla dirisha la kubadilisha kozi halijafungwa, mwandikie barua pepe mshauri wa idara inayotoa shahada yako, siyo idara inayotoa kozi. Muulize: kozi hii, kwa msimbo huu, itatimiza sharti gani la shahada yangu kwa mujibu wa katalogi (kitabu cha masharti ya chuo) ya mwaka nilioingia? Jibu lihifadhi. Akikuambia "hakuna shida" mkiwa kwenye korido, mshukuru, kisha uandike barua pepe ile ile. Na ukipewa ruhusa ya kozi moja kuchukua nafasi ya nyingine, fuatilia mpaka uione imeingizwa kwenye mfumo wa msajili. Barua iliyo kwenye faili la mshauri haitoshi.

Wamarekani ni watu wakarimu, na maofisa wao hukupokea kwa tabasamu. Lakini tabasamu lao halina uzito wa ahadi, na sisi tuliolelewa kuamini kauli ya mkubwa tunaumia hapo. Wanausifu sana uhuru wa mwanafunzi kujichagulia. Kwa maoni yangu uhuru huo unamfaa zaidi yule ambaye wazazi wake walipita vyuo hivyo hivyo na wanajua maswali ya kuuliza. Mgeni anaachiwa ajue peke yake, na gharama ni yake. Siyo haki.

Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, mambo ni mazito zaidi. Shahada ya kwanza inakudai krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni darasa moja tu la mtandaoni linalohesabiwa. Usiache kozi katikati ya muhula bila kibali cha ofisa wa wanafunzi wa kigeni. Muhula ukiongezeka, omba I-20, fomu ya chuo inayoonyesha fani yako na tarehe ya kumaliza, irefushwe kabla tarehe yake haijapita. Ikishapita, umepoteza hadhi yako. Na wewe unayelenga isimu ya kompyuta, soma msimbo wa fani uliochapwa kwenye I-20. Baada ya masomo kuna miezi 12 ya kufanya kazi, na fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) huongezewa 24. Kinachoamua ni msimbo huo. Hata ungekaa madarasa ya kompyuta miaka yote, kama fomu imeandikwa fani isiyo ya STEM, hiyo miezi 24 huipati.

Ndugu zetu wa nyumbani, tunawapenda, ila mtusikilize. Shangazi anapiga simu: "Mwanangu, chukua Kiswahili huko upate A za bure." Shangazi, idara nyingi hazimruhusu mzawa wa lugha kukaa darasa la wanaoanza, na anaweza kuondolewa muhula ukiwa umeshaanza, akabaki chini ya zile krediti 12. Na kadi za sherehe ya mahafali msizichapishe kwa sababu kijana amesema anamaliza mwezi wa tano. Subirini msajili athibitishe.

Wewe uliyeko chuoni, fungua ripoti ya ukaguzi wa shahada kila muhula, kabla ya kujisajili na baada ya matokeo. Ukiona kozi imekaa mahali usipoitegemea, andika barua pepe siku hiyo hiyo.