Jinsi ya kuoka prosfora, na maana ya kila hatua

Kama umeombwa uoke prosfora, yaani mkate wa sadaka wa sisi Waorthodoksi, ya Liturujia (ibada ya Komunyo) Jumapili hii na hujawahi, usiogope, vinavyoingia ni vinne tu: unga wa ngano, maji, hamira na chumvi. Basi. Sukari, maziwa, mayai, mafuta, hapana, manake huu sio mkate wa chai. Na cheki unga usiwe ule uliochanganywa na beking pauda.

Kilo moja ya unga tia maji vikombe viwili na nusu hivi, hamira na chumvi kijiko kimoja kimoja cha chai. Kwenye kukanda ndo pa kutulia. Kanda dakika 15 huku unasali "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi", na donge liwe gumu kidogo kuliko la chapati, likilegea alama ya muhuri, ile chapa ya maandishi inayobonyezwa juu ya mkate, inapotea. Mi nikikanda nakumbuka Yohana 12:24, punje ya ngano isipoanguka ardhini ikafa hukaa peke yake, alafu Paulo naye anawaambia Wakorintho mkate ni mmoja basi sisi tulio wengi tu mwili mmoja, na kweli hapo mkononi kuna maelfu ya punje zimesagwa na huwezi tena kuitoa hata moja.

Kuhusu hamira, Wakatoliki wa Roma wanatumia mkate usiotiwa chachu, sisi Waorthodoksi tunatia, mkate ulioumuka kwetu ni picha ya Ufufuko.

Donge likishaumuka, gawa upate mikate miwili, na kila mmoja ufanye viduara viwili, kimoja juu ya kingine, shikanisha kwa maji kidogo. Ni asili mbili za Kristo, Mungu na mtu, ndani ya nafsi moja. Paka muhuri unga, bonyeza kwa nguvu, toboa toboa na kijiti cha meno hewa itoke. Acha nusu saa, alafu oveni nyuzi 180 kama dakika 45, trei inyunyizie unga badala ya mafuta.

Yale maandishi ya muhuri, IC XC NIKA, maana yake Yesu Kristo anashinda. Padre atakata kile kipande cha katikati chenye maandishi hayo, ndo Mwanakondoo, yaani kinachokuwa Mwili wa Kristo, alafu pembetatu ya Mzazi-Mungu (Bikira Maria), tisa ndogo za watakatifu, na vipande vya walio hai na waliolala (waliofariki), kwa hivyo andika majina ya watu wako kwenye karatasi upeleke pamoja.

Ukitoa tu, funika na kitambaa safi mkate ungali moto, ganda litalainika na padre hatapata shida kukata.