Namna ya kulikamata kosa kwenye sentensi ya Kiingereza kabla muda haujakuishia

Mpwa wangu anaomba ufadhili unaodai alama za TOEFL ITP, mtihani wa Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo, na jioni nyingi tumekuwa tukikaa mezani na sehemu ya pili ya mtihani huo, ile ya sarufi. Ni maswali 40 kwa dakika 25. Ya kwanza 15 ni ya kujaza pengo. Yanayobaki 25 yanakupa sentensi yenye sehemu nne zilizopigiwa mstari, A hadi D, na moja kati yake ina kosa. Hutakiwi kuisahihisha, unaionyesha tu. Njia hii inafaa pia kwa usaili wa kazi na mtihani wowote wenye maswali ya kusahihisha sentensi.

Hatua ya 1: Soma sentensi mpaka mwisho

Usichague jibu kwa sababu tu "linasikika vibaya". Sikio la mtu anayewaza kwa Kiswahili linapitisha "We discussed about the matter" bila shida, ingawa "about" haitakiwi hapo, na mtunga maswali anategemea hilo.

Hatua ya 2: Kitenzi kwanza, kisha mwenye kitenzi

Chukua hii: "The quality of the mangoes sold in these markets have improved." Funika kwa kidole kila kitu kuanzia "of" mpaka "markets". Kinachobaki ni "The quality have improved", na kosa liko wazi. Embe ni nyingi lakini kiima ni "quality", kwa hiyo ni "has".

Haya yakae kichwani: "the number of" ni umoja, "a number of" ni wingi. "Each" na "everyone" zikiwa kiima ni umoja. "As well as" na "together with" havibadilishi kiima: "The headmaster, as well as the teachers, was present."

Hatua ya 3: Wakati

Hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa akipoteza alama nyingi kuliko pengine popote, na karibu kila ninayemfundisha hukwama hapahapa. Sisi tunasema "nimefika jana" na "ninaishi hapa tangu 2015", na hakuna anayeshangaa. Kiingereza cha mtihani kinazikataa zote mbili.

Usianze na kitenzi. Anza na neno la wakati. Ukiona "yesterday", "last year", "ago", au mwaka uliokwisha kama "in 1961", kitenzi kiwe cha wakati uliopita. "Tanganyika has become independent in 1961" ni kosa, ni "became". Ukiona "since" au "so far", mara nyingi panatakiwa wakati timilifu: si "She works here since 2015", bali "She has worked here since 2015".

Sasa tahadhari, maana kanuni hiyo peke yake itakuangusha.

"For" haitoshi kuwa ushahidi. "He taught in Iringa for ten years" ni sahihi kama ameshaacha. "He has taught in Iringa for ten years" ni sahihi kama bado yupo darasani. Soma sentensi yote: ikimalizikia na "before he retired", basi "has taught" haiwezi kusimama.

"Since" ina kazi mbili. Katika "Since it is raining, we are staying inside" maana yake ni kwa kuwa, na hakuna timilifu inayotakiwa. Jiulize kama kinachofuata ni mahali pa kuanzia kuhesabu muda.

Kitenzi kinachokuja baada ya "since" kwa kawaida hubaki cha wakati uliopita: "It has been raining since we arrived." Wengi wanakimbilia kuchagua "arrived", na hakina kosa lolote.

"Already" na "just" visikupotezee muda. Mmarekani husema "I already ate", na mtihani huu ni wa Marekani.

Na kabla ya yote hayo, baada ya "have", "has" au "had" hakikisha kitenzi kiko katika umbo la tatu, kama "gone" na "written". "Has went" na "have wrote" ni alama za bure, usizipite.

Kuna jambo moja ninalolithamini kuliko kanuni zote za hatua hii: kisichopigiwa mstari ni sahihi. Kama "in 1961" haina mstari na "has become" inao, kosa haliwezi kuwa kwenye mwaka. Na kinyume chake pia: "Hans Meyer reached the summit of Kilimanjaro since 1889". Kama "reached" haina mstari na "since" inao, huna haja ya kukisumbua kitenzi. "Since" ndiyo mbovu, panatakiwa "in".

Hatua ya 4: Makosa yetu ya kila siku

"Although" na "but" hazikai katika sentensi moja kwa kazi ileile. Tunaziweka pamoja kwa sababu ya ingawa na lakini. "Informations", "advices", "furnitures" na "equipments" hazipo. "Return back", "more better" na "can be able to" zinarudia maana. "My aunt sold his farm": yeye wetu hana jinsia, kwa hiyo kagua kila "his" na "her" na umtafute mwenyewe. "An" hufuata sauti, si herufi: "an hour", lakini "a university". Orodha iwe na sura moja: "reading, writing and drawing", si "reading, writing and to draw". Hii ya mwisho hutokea sana kwenye ITP.

Hatua ya 5: Daftari

Programu za kusahihisha kwenye simu sizitaki kabisa wakati wa maandalizi. Zinabadilisha neno kabla hujajiuliza kwa nini, na mtihanini hazipo. Nunua daftari, gawa ukurasa safu tatu: sentensi mbovu, neno lililokuwa ushahidi, sentensi sahihi. Safu ya katikati ndiyo inayofundisha. Mpwa wangu alipoanza kuijaza, aliona mwenyewe kwamba makosa yake mengi yalikuwa ya aina mbili tu, akaacha kusoma sarufi yote upya.

Ukishaweza kutaja ushahidi bila kusita, anza kupima kwa saa. Kwa hesabu ya 40 kwa dakika 25, una kama sekunde 37 kwa kila swali. Likikukwamia, weka herufi yoyote uendelee. ITP haikati alama kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo usiache hata swali moja tupu.