Kujiandaa na NCLEX ukiwa Dar huku unaingia naiti

Kama wewe ni nesi hapa Dar na una mpango wa kwenda kufanya kazi Marekani, mtihani unaokusubiri ni NCLEX-RN, yaani wa leseni ya kule ya nesi aliyesajiliwa (RN), na kitu cha kwanza nataka ukijue kabla hujanunua hata kitabu ni kwamba mtihani huu haukuulizi unakumbuka nini, unakuuliza ungeanza na nini. Mi ilinichukua miezi kulielewa hilo. Nilikuwa nakariri vilevile kama chuoni, madaftari matatu yamejaa, alafu nikifungua maswali ya mazoezi napata nusu au chini ya nusu, na nikisoma maelezo ya jibu naona kabisa ugonjwa wenyewe nilikuwa naujua.

Ila anza na makaratasi maana ndo yanayochelewesha watu. Uwe na stashahada au digrii ya uuguzi na usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga (TNMC), astashahada peke yake haitoshi kwa RN. Alafu unachagua jimbo, maana leseni ya Marekani inatolewa na bodi ya jimbo na kila bodi ina masharti yake, kwa hiyo soma ukurasa wa bodi yenyewe, usitegemee ya kuambiwa. Bodi nyingi zinataka vyeti vyako vihakikiwe na CGFNS, shirika la Marekani la kuhakiki vyeti vya manesi wa nje, ambalo siku hizi linajiita TruMerit, na hapo chuo chako kinatuma matokeo yako moja kwa moja na baraza nalo linatuma uthibitisho wa leseni moja kwa moja, wewe huruhusiwi kubeba bahasha. Fuatilia. Nenda mwenyewe chuoni, ongea na mtu wa taaluma kwa heshima, rudi tena wiki inayofuata, maana faili likikaa mezani kwa mtu hakuna anayelikumbuka zaidi yako.

Na majina jamani. Cheti cha fomu foo kina majina mawili, cha chuo kina matatu, paspoti ina jina la mume, hapo utakwama tu. Jina ulilojisajilia mtihani lazima lifanane na la kwenye paspoti herufi kwa herufi, kwa hiyo kama kuna tofauti nenda kwa wakili mapema mtengeneze hati ya majina na isajiliwe, usisubiri mpaka siku ya mtihani wakurudishe mlangoni.

Bodi inapokuwa inashughulikia maombi yako unajisajili Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, ada ya mtihani ni dola 200, na ukifanyia nje ya Marekani kuna dola 150 juu yake, hapo ada ya bodi na ya uhakiki sijaweka. Ukikubaliwa unatumiwa barua pepe ya ruhusa wanaiita ATT, ina tarehe ya mwisho na tarehe hiyo ikipita umelipa bure, kwa hiyo ukiipata tu weka nafasi siku hiyohiyo. Mi nilifanyia Johannesburg, kwa hiyo nauli na kulala viingie kwenye hesabu mapema. Ukikutana na mtu anakwambia nipe milioni kadhaa nikupitishie huo mtihani, huyo ni tapeli, mtihani unafanya mwenyewe na kiganja chako kinapigwa skani mlangoni.

Sasa kusoma. Hospitali ya kwenye mtihani haipungukiwi kitu. Hili ndo lilinibadilisha. Sisi wodini tumezoea kuishi na kilichopo, nesi mmoja wagonjwa thelathini, ndugu ndo anamwogesha mgonjwa, anayehisiwa TB anakaa karibu na dirisha tukisubiri majibu, na tunafanya hivyo kwa akili na kwa moyo wote. Lakini ukijibu swali ukiwa na wodi yako kichwani unakosa. Kwenye mtihani mwenye TB anaingia chumba cha peke yake ambacho hewa yake haitoki nje kwa wengine, wewe unavaa N95, ile maski inayobana na kuchuja hewa, na akipelekwa eksirei yeye ndo anavaa maski ya kawaida. Kwenye mtihani ndugu hapewi majibu ya mgonjwa bila mgonjwa mwenyewe kukubali, hata awe kaka mkubwa, hata awe ndo analipa bili, na hapo wengi wetu tunakosa kwa sababu kwetu familia ndo inaambiwa kwanza.

Alafu kuna kugawa kazi. Kule kuna RN, kuna LPN ambaye ni nesi wa ngazi ya chini ya RN, kuna msaidizi, na mtihani unapenda sana kuuliza nani umpe nini. Kanuni ninayoishika mimi ni kwamba kumpima mgonjwa kwa mara ya kwanza, kumfundisha, na kuamua kama amepata nafuu ni kazi ya RN haigawiwi. Msaidizi mpe vinavyofuata utaratibu kwa mgonjwa aliyetulia, kuogesha, kulisha asiye na shida ya kumeza, kupima presha. LPN mpe mgonjwa ambaye hali yake inatabirika.

Tuchukue swali la aina yao. Unapokea zamu, una wagonjwa wanne. Wa kwanza alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo juzi, maumivu 6 kwa 10. Wa pili ana kisukari, sukari 180. Wa tatu amefungwa POP (plasta ngumu) mguuni masaa matatu yaliyopita, ameshapewa dawa ya maumivu ila anasema maumivu yanazidi na vidole vina ganzi. Wa nne ana nimonia, joto 38.1, anasubiri antibayotiki. Unaanza na nani? Wengi wanakimbilia wa pili wakiona 180, kumbe hiyo ni mg/dL, gawa kwa 18 unapata 10 kwa vipimo vyetu vya mmol/L, ni juu ila haimuui sasa hivi. Wa kwanza maumivu yake yanategemewa. Nimonia inahitaji dawa lakini hakuna palipoandikwa kwamba anashindwa kupumua. Wa tatu ndo mguu unakufa, uvimbe umebanwa ndani ya POP na damu haipiti, huyo ukichelewa anapoteza mguu. Kwa hiyo unatafuta kisichotegemewa kwa ugonjwa huo, sio namba kubwa wala mgonjwa anayelalamika sana.

Na kabla hujachagua "mpigie daktari" jiulize kama kuna kitu unaweza kufanya mwenyewe kwanza, kumkalisha, kumpa oksijeni, kusimamisha damu inayoingia kama anapata riakisheni. Kama swali limeshakupa vipimo vyote basi usichague kupima tena, fanya kitu.

Majina ya dawa nayo yanatutega. Parasetamo kwao ni acetaminophen, adrenalini ni epinephrine, salbutamo ni albuterol, pethidini ni meperidine, glibenklamaidi ni glyburide. Andika kwenye karatasi bandika pembeni ya kioo. Namba chache tu ndo za kukariri kweli, viwango vya kwenye damu, potasiamu 3.5 mpaka 5.0, sodiamu 135 mpaka 145, lithiamu 0.6 mpaka 1.2. Malaria ambayo sisi tunaijua usingizini usitegemee ikubebe.

Ratiba yangu ilikuwa hivi, ukitoka naiti usisome, lala. Nilijaribu kusoma nikiwa nimetoka zamu nikawa narudia ukurasa mmoja mara tano. Siku za ofu nilikuwa natoka nyumbani kabisa nakaa Maktaba Kuu pale Bibi Titi, maana nyumbani kuna watoto na umeme unakatika, maswali 75 asubuhi, mchana wote nasoma maelezo ya niliyokosa NA niliyopata, hapa usiruke, maana kuna uliyopata kwa kubahatisha. Kwenye mwendokasi kutoka Kimara nilikuwa napitia dawa kwenye simu, basi. Miezi ya mwisho nilikuwa nakaa masaa matano mfululizo bila kushika simu, ili mwili uzoee.

Mtihani wenyewe ni kompyuta inayokufuata, ukipata swali inakuletea gumu zaidi, ukikosa inashusha. Maswali ni kuanzia 85 mwisho 150, masaa 5, na mapumziko yanakula humohumo. Ndani yake 15 hayahesabiwi ila huwezi kuyajua. Huwezi kurudi nyuma. Tangu Aprili 2023 kuna kesi, utapata tatu na kila moja ina maswali sita ya mgonjwa mmoja, unasoma faili lake unaona nini kimebadilika, na kwenye yale ya chagua yote yanayofaa sasa unapewa maksi za sehemu ulizopata, ila ukichagua la uongo linakata, kwa hiyo usitie tiki kila kitu. Skrini ikizima kwenye 85 usilie, inazima ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95, iwe umefaulu au umefeli, na waliofika 150 wengine wamefaulu.

Siku hiyo fika nusu saa kabla na paspoti, simu na saa vinaingia kabatini, kikokotoo kipo kwenye skrini. Kula kitu ulichozoea.

Matokeo rasmi yanatoka kwenye bodi yako na yanaweza kuchukua mpaka wiki sita. Ukikosa unapewa ripoti inayoonyesha kila eneo kama ulikuwa juu, karibu au chini ya kiwango, na unasubiri siku 45 ndo urudie, kwa hiyo siku hizo 45 anza na yale yaliyoandikwa chini, yaliyoandikwa juu yaache kwanza.