Sadaka kwenye wasia, andika mapema

Jamani kama unataka sehemu ya mali yako iende kwa yatima ukishafariki usiishie kumwambia mkeo tu, andika wasia. Kwa sisi Waislamu mwisho ni thuluthi, yaani sehemu moja kati ya tatu ya mali, tena baada ya kutoa gharama za mazishi na madeni, yaani ikibaki milioni 9 sadaka isizidi milioni 3, labda warithi wenyewe waridhie. Alafu taja jina kamili la kituo na kitu chenyewe, ukiandika "minazi ya kule shamba wapewe maskini" hapo ndo ugomvi unapoanzia, minazi ipi, maskini gani? Weka tarehe, saini, na mashahidi wawili wasiopata kitu humo. Huku Tanzania Bara RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanakutunzia wasia wako, ila mwanao mmoja ajue wasia uko wapi.