Kuzalisha samaki malaika nyumbani: andaa chakula cha vifaranga kabla ya mayai

Samaki malaika anayezungumziwa hapa ni yule wa maji yasiyo na chumvi, Pterophyllum scalare, ambaye asili yake ni mito na maeneo ya mafuriko ya bonde la Amazon huko Amerika Kusini, wala si wale wa miamba ya matumbawe wanaouzwa kwa jina hilohilo. Ni wa ukoo mmoja na perege na sato, na anayewafahamu hao hatashangazwa na ukali wake wa kulinda eneo wala bidii yake ya kulea. Tofauti ni kwamba sato jike huyabeba mayai yake kinywani, ilhali malaika huyagandisha juu ya jani pana au kitu chochote laini kilichosimama wima, kisha baba na mama huyalinda kwa pamoja.

Kumfanya samaki huyu atage si kazi ngumu. Jozi iliyokomaa, ikilishwa vizuri na kukaa katika maji safi yenye joto, itataga yenyewe, tena itarudia baada ya wiki moja au mbili iwapo mayai yataondolewa. Kinachowashinda wafugaji wengi ni wiki mbili zinazoanza siku vifaranga wanapoanza kuogelea, ambapo mamia ya samaki wadogo kuliko punje ya mchele wanahitaji chakula hai mara kadhaa kwa siku katika maji yasiyochafuka. Asiyekuwa na chakula hicho tayari siku hiyo atapoteza karibu vifaranga wote, hata kama mayai yalikuwa mazuri kiasi gani.

Kupata jozi

Madume na majike hawatofautiani kwa sura. Uvimbe wa kipaji cha uso ambao wauzaji wengi huutaja kuwa alama ya dume huonekana kwa baadhi ya madume wakubwa, lakini hauaminiki. Alama ya kweli hujitokeza siku za kutaga tu: kimrija kinachochomoza chini ya tumbo huwa chembamba na chenye ncha kwa dume, na kinene kilichobutuka kwa jike. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kununua vijana sita hadi wanane, ikiwezekana kutoka kwa wafugaji tofauti ili wasiwe ndugu wa tumbo moja, kuwakuza pamoja, na kuwaacha wachaguane wenyewe. Hukomaa kati ya miezi sita na kumi na miwili. Jozi ikishapatana utaiona ikijitenga kwenye kona, ikiwafukuza wengine na kusafisha sehemu moja kwa midomo. Hapo ihamishiwe kwenye tangi lake.

Kununua jozi iliyokwisha thibitishwa kunaokoa muda, ila ni ghali, na mnunuzi anapaswa kuomba aonyeshwe mayai yaliyotoa vifaranga. Majike wawili wasio na dume huweza kupatana, kusafisha jani na kutaga kama jozi ya kawaida, lakini mayai yao yote hugeuka meupe.

Tangi la wazazi

Malaika aliyekua hufikia urefu wa sentimita 15 hivi, na kimo chake pamoja na mapezi huzidi hapo, hivyo kina cha tangi ni muhimu kuliko upana wake. Lita 80 zinatosha jozi moja, lakini kina kisipungue sentimita 45. Sakafu iachwe wazi bila mchanga ili uchafu uonekane na uondolewe kwa urahisi. Tumia kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, kwa kuwa mkondo wake ni mpole. Kisitegemewe kikiwa kipya: bakteria wanaobadilisha amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kwanza kuwa naitraiti, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga ndani ya sponji, na katika kipindi hicho amonia na naitraiti vinaweza kuwaua samaki.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 26 na 28 za Selsiasi. Mfugaji wa Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi atalipata bila hita kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wa Nairobi, Arusha au Mbeya hana budi kuwa na hita pamoja na kipimajoto cha kuithibitisha, kwani namba iliyoandikwa kwenye hita si ya kuaminiwa peke yake. Kuhusu pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kiwango cha 6.5 hadi 7.2 kinafaa, na kukitunza kisiyumbe kuna faida kubwa kuliko kuhangaika na kemikali za kukishusha. Suala la ugumu wa maji ni zito zaidi. Maji yenye madini mengi hupunguza urutubishaji, na maji ya visima vingi vya pwani huwa hivyo, mengine yakiwa na chumvi. Dawa yake ni maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua kuosha paa, yakachanganywa na maji ya kawaida kwa uwiano usiobadilika kila mara. Maji ya bomba yenye klorini yaondolewe klorini kwanza, kwa dawa yake au kwa kuyapuliza hewa siku nzima ndani ya ndoo wazi.

Simamisha ndani ya tangi kipande cha bomba la plastiki la maji, kigae au jiwe bapa, kikiegemea kidogo upande ulio mbali na mlango wa chumba. Wengi hupenda jani la mmea kwa uzuri wake. Mimi napendelea bomba, kwa sababu hutolewa pamoja na mayai bila kukata kitu.

Walishe mara mbili hadi tatu kwa siku chakula cha aina mbalimbali: punje bora za samaki, uduvi uliogandishwa, na viluwiluwi vya mbu ambavyo huwatia hamu ya kutaga upesi. Mwenye kufuga viluwiluwi afunike beseni kwa chandarua na kuvivuna kila siku, la sivyo atakuwa anawafugia majirani malaria na matende. Badilisha theluthi moja ya maji kila wiki. Mara nyingi jozi hutaga siku moja au mbili baada ya mabadiliko hayo.

Siku ya kutaga

Jike hupita polepole juu ya bomba akiacha mstari wa mayai, na dume hufuata nyuma yake akiyarutubisha. Kazi huendelea kwa saa moja au zaidi, na kwa kawaida mayai huwa kati ya 150 na 400, ingawa jike mkubwa huzidi hapo. Usiwashe taa ghafla, usipige kioo, wala usiwaite watu waje kutazama.

Jozi changa hula mayai yake ya kwanza, pengine ya pili na ya tatu pia, na jambo hilo si sababu ya kuwatenganisha. Mayai yakiwa meupe yote kwa mizao kadhaa mfululizo, chunguza kwanza kama una majike wawili, kisha ugumu wa maji, ndipo umri wa dume.

Sasa uamuzi: kuwaachia wazazi au kuyatoa. Wazazi walezi ni kitu cha kupendeza kutazama. Huyapepea mayai kwa mapezi, huyala yaliyoharibika kabla kuvu haijaenea, na kifaranga akianguka humdaka kwa kinywa na kumrudisha mahali pake. Lakini tangi lililo sebuleni penye watoto na televisheni huwapa hofu, na samaki mwenye hofu hula wanawe. Kama lengo ni kupata vifaranga wengi, toa mayai. Kama lengo ni kujionea malezi, waache, na uwashe taa hafifu usiku ili wazazi waone wanacholinda.

Anayeyatoa aandae tangi dogo la lita 20 hadi 40, alijaze maji ya tangi la wazazi yenye joto lilelile, kisha ahamishe bomba haraka, mayai yakiwa hewani kwa sekunde chache tu. Jiwe la hewa liwekwe kando ya mayai ili mapovu yapite karibu nayo bila kuyagonga, kwa maana maji yaliyotulia ndiyo huleta kuvu. Methilini bluu ikitiwa hadi maji yawe na rangi ya samawati ya wastani husaidia kuzuia kuvu, lakini huua bakteria wa kichujio, kwa hiyo sponji isiwekwe wakati huo.

Katika nyuzi 27 au 28 mayai huanguliwa baada ya saa 48 hadi 60. Wanaotoka hawaonekani kama samaki bado: ni mikia inayotikisika, iliyoshikamana na bomba kwa nyuzi zinazonata za kichwani, ikiishi kwa kiini cha yai. Hali hiyo huchukua siku nne au tano. Wasipewe chakula chochote katika siku hizo. Kitawachafulia maji tu. Tumia nafasi hiyo kupunguza methilini bluu kwa kubadilisha maji kidogo kidogo, kisha uingize sponji iliyokwisha kukaa wiki kadhaa katika tangi la wazazi.

Uduvi wa chumvi

Chakula cha kwanza kinachofaa ni vifaranga wa atemia, uduvi mdogo wa maji ya chumvi ambaye mayai yake makavu huuzwa makoponi na kuhifadhika kwa muda mrefu yakiwekwa mahali pakavu penye baridi. Afrika Mashariki si mgeni naye: katika miaka ya 1980 alipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi. Fanya jaribio la kuyaangua wiki moja kabla hujayahitaji, kwa kuwa kopo lililokaa dukani kwenye joto huweza kutoa uduvi wachache mno, na ni heri kulijua hilo mapema.

Kata kitako cha chupa ya soda ya lita moja na nusu, igeuze mdomo chini ukiwa umefungwa vizuri, na utie lita moja ya maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi. Aliye karibu na bahari atumie maji safi ya bahari. Ongeza nusu kijiko cha chai cha mayai ya atemia, zamisha mpira mwembamba unaoleta hewa kutoka kwenye pampu hadi chini kabisa, puliza kwa nguvu bila kukoma, na uache taa ikiwaka karibu. Katika nyuzi 26 hadi 28 utapata uduvi wa rangi ya machungwa baada ya saa 24 hadi 36. Zima hewa kwa dakika kumi: maganda yataelea juu, na uduvi watakusanyika chini palipo na mwanga. Wanyonye kwa mpira mwembamba, uwachuje kwa kitambaa laini na kuwasuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Maganda yasiingie kwenye tangi, kwani yanaweza kuziba matumbo ya vifaranga.

Uduvi hupoteza lishe yake kadiri saa zinavyopita, kwa hiyo chupa moja haitoshi. Endesha mbili kwa zamu, moja ikianzishwa leo na nyingine kesho. Anzisha ya kwanza siku mayai ya samaki yanapoanguliwa, ili kazi hiyo iwe imezoeleka kabla vifaranga hawajaogelea, takriban siku ya saba baada ya kutagwa. Umeme ukikatika usiku kucha, uduvi hukosa hewa na mlo wa asubuhi hukosekana, hivyo pampu ndogo ya betri ihesabiwe miongoni mwa vifaa vya lazima.

Walishe kidogo mara tatu hadi nne kwa siku, na uyatazame matumbo yao: yakiwa ya rangi ya machungwa, wamekula. Uduvi hufa baada ya saa kadhaa katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo kila jioni nyonya mabaki sakafuni kwa mpira mwembamba na ubadilishe theluthi hadi nusu ya maji kwa maji ya joto lilelile. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, ambacho hupendekezwa sana kwa urahisi wake, huchafua maji haraka kuliko kinavyoshibisha, sikipendekezi.

Kukuza na kuuza

Baada ya wiki tatu waanzishie chakula laini cha unga huku ukipunguza uduvi taratibu, na uwagawanye, vifaranga wasizidi 150 katika lita 100. Kufikia wiki ya nne hadi ya sita umbo la malaika huwa limekamilika. Chagua bila huruma: wenye vifuniko vya mashavu vilivyokunjamana, waliokosa mapezi ya tumboni na waliopinda uti wa mgongo wasiuzwe wala wasizalishwe. Waliozidi wasimwagwe mtoni, ziwani wala bwawani, kwa maana samaki wa kigeni na magonjwa yake hayana nafasi katika maji yetu.

Wenye mwili wa ukubwa wa sarafu, kwa kawaida wa wiki ya nane na kuendelea, wako tayari kwa duka. Zungumza na mwenye duka kabla hawajafikia hapo, kwani mzao mmoja huweza kujaza soko dogo la mji mzima. Siku moja kabla ya safari wasilishwe, na katika mfuko theluthi moja iwe maji na mbili zilizobaki ziwe hewa.