Kambi ya michezo ya likizo hapa Tanga: iendeshe hivi mtoto akue, asirudi kachoka tu

Likizo ya mwezi wa sita ikifika watoto wa Tanga wanagawanyika mafungu mawili, kuna wa simu kutwa nzima na kuna wa chandimu mpaka waitwe kwa fimbo, na kila mwaka mzazi mmoja atanifuata kiwanjani aniulize eti kocha hii kambi itamfanya mwanangu awe mwanasoka kama Samatta? Mi namwambia mama, pengine hapana, ila akirudi shule atakuwa na pumzi, atajua kufungwa bila kurusha ngumi na asubuhi ataamka mwenyewe. Ila hayo hayaji kwa kumkimbiza mtoto juani, yanategemea kambi umeipangaje. Kwa mnaotaka kuanzisha ya kwenu, iwe Makorora, Mabawa, Duga, popote pale, fanyeni hivi.

Usisubiri uwanja mkubwa wa Mkwakwani. Kiwanja cha shule ya msingi kinatosha kabisa, ongea na mwalimu mkuu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue, afisa michezo wa Jiji naye apate taarifa, basi. Halafu chapa karatasi moja ya mzazi kujaza: jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti (mambo ya kupunguza umri tunayajua wote), na swali la ugonjwa. Hilo la ugonjwa usilipitishe juu juu. Uliza pumu, uliza kifafa, uliza sikoseli, maana mtoto wa sikoseli anaweza kucheza vizuri tu lakini anataka maji mengi, apumzike akitaka mwenyewe na asilazimishwe kumaliza raundi na wenzie, na kocha asiyejua atamwona mvivu.

Muda ni saa 1 asubuhi mpaka saa 3, ikizidi sana saa 3 na nusu. Mwezi wa sita kuna kipupwe, upepo wa kusi unavuma, hali ya hewa inavumilika, ila wanaofanya kambi mwezi wa kumi na mbili wakati wa kaskazi aisee saa 3 jua limeshakuwa adui. Mchana waachie chuo, usigombane na maustadhi, ratiba ya madrasa umeikuta na utaiacha. Mkitaka awamu ya pili iwe baada ya Alasiri na isiguse Maghrib.

Sasa kwenye makundi ndo penye kazi. Makocha wengi wa mtaani wanapanga kwa umri tu, halafu wanashangaa kwa nini watoto walewale ndo wanang'ara kila siku. Wasichana wengi wanarefuka ghafla kwenye miaka 11 au 12, wavulana 13 au 14, lakini kila mtu na saa yake, kwa hiyo utakuta vijana wawili wa miaka 13, mmoja ana sauti nzito na mapaja ya mtu mzima, mwingine ukimvika sare unasema huyu wa darasa la nne. Yule mkubwa anapita katikati ya wenzie kwa kifua tu, hajifunzi kupiga chenga wala kutoa pasi kwa sababu hajawahi kuhitaji, na yule mdogo mpira haumfikii, baada ya wiki anakaa pembeni anashika viatu vya wenzie. Dawa yake rahisi, siku mbili kwa wiki wapange kwa mwili badala ya umri, wazito na wazito, wepesi na wepesi. Utaona maajabu, yule mdogo anaanza kuomba mpira, yule mkubwa anaanza kufikiri.

Na mtoto anayerefuka kwa kasi anakuwa kama mtu aliyeazimwa miguu, anajikwaa, mpira alioumudu mwezi uliopita leo unamtoroka. Usimfokee. Hajashuka kiwango, mwili ndo umebadilika, akili itaukuta tu. Wakati huohuo wengi wanalalamika maumivu chini ya goti, pale kwenye kifupa kinachojitokeza mbele, wanaume zetu wanawaambia kaza. Asikaze! Pale ndipo mshipa wa goti unaposhika mfupa ambao bado unakua na kuruka-ruka kunauvuta, kwa hiyo punguza kuruka na mbio za kasi, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na akianza kuchechemea au pakavimba aende hospitali ya Bombo akaonwe.

Kupasha mwili msiwapangie foleni ya kukimbia kuzunguka uwanja, inachosha akili kuliko miguu. Wachezeshe rede. Kweli kabisa, rede hii ya dada zetu mtaani, mtoto anakwepa, anageuka, anainama, anarusha, dakika kumi jasho linatiririka na anacheka, na wavulana wanaojiona wakali wanapigwa mpira wa mgongo na binti wa darasa la tano hapo heshima inarudi yenyewe. Baada ya hapo ingieni mechi ndogo, wanne kwa wanne, viwanja vitatu vinne vidogo vya koni, maana kwenye kumi na moja kwa kumi na moja mtoto wa miaka 9 anaweza kumaliza nusu saa amegusa mpira mara mbili. Saizi ya mpira pia angalia, namba 3 kwa wa chini ya miaka 8, namba 4 mpaka 12, namba 5 kuanzia 13.

Wa chini ya miaka 12 asifungwe kwenye mchezo mmoja. Jumatatu mpira wa miguu, Jumanne netiboli wote hadi wavulana, Jumatano wavu, Alhamisi mbio na kuruka. Najua shabiki wa Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union yetu, anataka mwanawe acheze soka tu ili Coastal irudi kule ilipokuwa 1988 ilipobeba ubingwa wa ligi, lakini aliyejifunza kuruka kwenye netiboli na kutua vizuri magoti yake yatamshukuru.

Kuhusu mabinti: tafuta kocha mwanamke hata mmoja, chumba cha kubadilishia nguo chenye kitasa, na pedi za akiba kwenye begi la huduma ya kwanza. Mtandio hauzuii mtu kucheza, ila pini zote zitoke, ufungwe ukae. Awamu ya jioni waruhusiwe mapema wafike nyumbani kungali mwanga, mzazi akiona hivyo likizo ijayo anakuletea na mdogo mtu.

Chakula sina mengi. Uji kabla ya kuja, mtoto asikimbie na njaa, mbaazi na maandazi ziwe baada ya mazoezi. Mapumziko machungwa ya Muheza yakatwe vipande. Maji kila baada ya dakika 15 au 20 hata kama hajasema kiu. Ukiona mtoto ana kizunguzungu, kichwa kinamgonga au anaongea asivyoeleweka, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na akiwa hajitambui vizuri usijadiliane na mtu, bajaji hospitali. Aliyegongwa kichwa hivyohivyo, siku hiyo kwake mchezo umeisha hata akilia anataka kurudi.

Kanuni nzuri ya kujua kiasi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Wa miaka 10 asivuke saa 10, na saa mbili kwa siku nne ni saa 8 tu, kwa hiyo Ijumaa mnapumzika bila ubishi wa mtu. Usingizi nao ni mazoezi, wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 hadi 12, wa 13 mpaka 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa kama mtaani kuna kigodoro, ngoma ya usiku, mpaka alfajiri hapo mimi sina la kukusaidia, mpunguzie tu kesho yake.

Kitu ambacho wengi hawakipangi ni zamu. Kila siku teua watoto wa kuhesabu mipira, wa kuchora mistari kwa majivu, na wawili wa kupuliza filimbi kwenye mechi za wadogo. Hasa hiyo filimbi. Mtoto mbishi aliyezoea kumzonga refa mpe filimbi siku mbili, azongwe yeye. Na mpole asiyeongea mpe kazi ya kuita majina asubuhi, siku ya kwanza sauti haitoki, wiki ya pili anawafokea waliochelewa.

Viboko hapana, na matusi ya makocha pia hapana. Mtu mzima asibaki na mtoto peke yake, si stoo, si kwenye bodaboda, wawe watu wazima wawili siku zote, na watoto wote waambieni namba 116 ya huduma kwa mtoto, wanaweza kupiga wenyewe. Mkiwapeleka ufukweni kukimbia mchangani nendeni maji yakiwa yametoka, siku za bamvua, maji makubwa, yanatoka mbali na kurudi haraka, na kuogelea ni kwa mwenye mwalimu wa kuogelea tu.

Mwisho wa kambi achaneni na kombe moja la mshindi mmoja. Siku ya kwanza mpime kila mtoto mbio za mita 40, kuruka mbele kwa miguu miwili akiwa amesimama, na danadana, siku ya mwisho mpime tena vilevile, andika namba zote kwenye karatasi moja mzazi apewe. Kuna watakaoongeza danadana kutoka 3 kwenda 14 na wataibandika ukutani. Nakala moja mpe mwalimu wa michezo wa shule, mwakani akichagua timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, awe na cha kuangalia zaidi ya urefu wa mtoto. Na vizibao vya mazoezi hesabu kabla hawajaondoka, vya njano hasa, sijui wanavipendea nini.