Picha halali ikidhaniwa haramu: jinsi ya kujikinga usipoteze akaunti

Kampuni zinazohifadhi picha mtandaoni huzikagua kwa njia mbili. Ya kwanza hulinganisha: picha za unyanyasaji wa watoto ambazo tayari zinajulikana zimepewa alama za tarakimu, na picha yako ikitoa alama inayofanana, mfumo unaikamata. PhotoDNA ya Microsoft, ya mwaka 2009, hufanya kazi hivyo, na hukosea mara chache. Ya pili ni programu iliyofunzwa kubashiri kama picha ambayo haijawahi kuonekana popote ni haramu. Hiyo huona mtoto na ngozi tupu. Haijui kwamba picha imeombwa na daktari.

Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alimpiga mwanawe mdogo picha ya sehemu za siri zilizovimba, apelekewe daktari. Simu yenyewe ikaipandisha kwenye hifadhi ya Google. Akaunti ikafungwa, na barua pepe, picha za familia na namba ya simu vikaenda nayo. Polisi walichunguza wakaona hana kosa, lakini Google haikumrudishia akaunti. Basi usitegemee rufaa, jipange mapema.

Daktari akiomba picha ya namna hiyo, muulize kwanza kama hawezi kumwona mtoto mwenyewe. Ikiwa ni lazima, zima upandishaji kabla ya kupiga. Kwenye Google Photos gusa picha yako ya wasifu, fungua mipangilio, kisha zima nakala rudufu. Kwenye iPhone fungua mipangilio, gusa jina lako, kisha iCloud, kisha picha, uzime. Tuma kwa mfumo wa hospitali yenyewe, na ujumbe wa daktari wa kuomba picha uuhifadhi, maana ndio ushahidi wako. Futa picha kwanza, ndipo uwashe tena. Ukiwasha kabla ya kufuta, programu hupandisha kila kilichokuwa kinasubiri.

WhatsApp nayo ina mtego wake. Ujumbe umefungwa kwa siri njiani, lakini picha ya kundi ikijihifadhi kwenye simu, na folda hiyo ikiwa inapandishwa, itakaguliwa kama nyingine. Zima kujihifadhi huko. Ukitumiwa picha ya mtoto anayenyanyaswa, usiisambaze hata kwa nia ya kuonya wenzako. Ripoti ndani ya programu na kwa polisi.

Nakala ya vitu vyako iwe nje ya akaunti hiyo. Google Takeout inaweza kupangwa ikutolee nakala kila miezi 2 kwa mwaka 1. Pakua upesi, kwa sababu kiungo hudumu kama siku 7 tu. Benki na kazi viwe na barua pepe ya kampuni nyingine.

Akaunti ikishafungwa, andika rufaa fupi: picha ilipigwa lini, ni ya nani, nani aliiomba. Ambatisha barua ya daktari, kamwe si picha yenyewe; ukiituma tena umejiongezea tatizo. Kumbuka pia kwamba sheria ya Marekani inaitaka kampuni ikiona picha ya aina hiyo iripoti kwa NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ambacho hupeleka taarifa kwa polisi. Ukipigiwa simu na polisi, tafuta wakili kabla ya kujieleza.